Tiba ya fikra na mienendo: Utarajie nini ukitumwa kwa mwanasaikolojia?

Na MWANDISHI WETU

MTU akienda hospitalini Kisumu kwa sababu ya malaria, anajua mambo yatakavyokuwa. Atatolewa damu, atasubiri majibu, kisha atapewa dawa na kuelezwa atazimeza kwa siku ngapi. Lakini akitumwa katika chumba cha mwanasaikolojia kwa sababu halali usingizi, hali chakula wala haoni sababu ya kuamka asubuhi, huwa hajui lolote la kutarajia.

Aghalabu hutoka humo baada ya muda wa saa nzima akiwa na daftari la shule mkononi badala ya vidonge. Njiani, akiwa juu ya bodaboda, hujiuliza iwapo hiyo ndiyo dawa aliyopandia gari kutoka Usenge au Kendu Bay kuja kuitafuta. Wapo wasiorudi tena.

Hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa tiba anayoiacha mlangoni ni miongoni mwa zile zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi duniani katika kutibu msongo wa mawazo, hofu na kiwewe. Hata hivyo ni tiba isiyoweza kumfaa mtu kwa siku moja. Nguvu yake huanza kuonekana baada ya majuma kadhaa, na humfaa yule aliyeelewa mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ataifanya yeye mwenyewe akiwa nyumbani.

Lugha yetu nayo imechangia kuwapotosha watu. Kwa miaka mingi sisi wa magazeti tumeiita kazi ya wataalamu hawa 'ushauri nasaha'. Msomaji akiyaona maneno hayo mawili hutarajia kupewa ushauri, tena kupewa nasaha, kama apewavyo bwana harusi na wazee wa ukoo. Kisha anafika mbele ya mtaalamu na kukuta kwamba anaulizwa maswali tu, wala haambiwi afanye nini. Si ajabu akihisi kwamba amepunjwa.

Tiba tunayoizungumzia hapa hujulikana kwa ufupisho wa Kiingereza kama CBT. Kwa Kiswahili tutaiita tiba ya fikra na mienendo. Chimbuko lake ni Marekani, katika jiji la Philadelphia, ambako daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, aliyezaliwa 1921 na kufariki 2021, alianza kuikuza katika miaka ya 1960.

Beck alikuwa amefunzwa mbinu ya zamani ya kumlaza mgonjwa kitandani na kuchimbua utoto wake kwa miaka. Alichogundua ni kwamba wagonjwa wake wenye huzuni kuu walikuwa na fikra fupi fupi zilizowapitia kichwani bila kualikwa: 'sifai', 'nimeharibu kila kitu', 'hakuna kitakachobadilika'. Fikra hizo zilipita upesi mno hivi kwamba mgonjwa mwenyewe hakuzitambua, ila alibaki na uchungu wake. Badala ya kuuliza zilianzia wapi, Beck alianza kuwafunza wagonjwa kuzikamata na kuzipima kama kweli zina ushahidi.

Jambo hili si geni kwetu jinsi linavyoweza kuonekana. Jirani akisema kwamba fulani 'ana mawazo', hamaanishi kwamba fulani ni mwanafalsafa. Anamaanisha kwamba ni mgonjwa. Kwa Kijaluo kuna neno 'parruok' kwa wasiwasi unaomzungusha mtu na 'kuyo' kwa huzuni, na kila mzee wa ufuoni anajua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kumkondesha mtu bila homa yoyote. Kilicholetwa na Beck na wenzake ni utaratibu wa kuvikabili.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja muuza omena katika ufuo wa Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu. Huyu tumemtunga, lakini mambo yanayompata ni ya kawaida katika ziwa hili. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mumewe alitoka usiku mmoja na wenzake wawili. Dhoruba ikaja. Wenzake waliokolewa, yeye akaletwa ufuoni siku ya tatu.

Miezi minane baadaye, mama huyu haendi tena Dunga. Analala saa mbili au tatu kwa usiku. Biashara imesimama, chama kinamdai, na wanawe wanakula kwa shemeji. Ameenda zahanati mara nne akilalamikia kichwa na moyo kwenda mbio, na mara zote nne akapewa dawa za kutuliza maumivu. Mara ya tano muuguzi mmoja akamuuliza kuhusu usingizi, na hapo ndipo alipotumwa mjini.

Kikao cha kwanza huwa cha maswali. Huenda akapewa fomu yenye maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha, kujilaumu, fikra za kutaka kufa. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, hivyo jumla haiwezi kupita 27. Alama 10 na zaidi humfanya mtaalamu aangalie kwa makini. Fomu hii, ambayo jina lake ni PHQ-9, imetumiwa na kupimwa na watafiti miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yalichapishwa 2009.

Usiichukulie kama mtihani wa kufaulu au kufeli. Itajazwa tena baada ya majuma machache ili wewe na mtaalamu mwone kama mnasonga mbele au mmekwama. Mtaalamu asiyepima chochote atajuaje kwamba anakusaidia?

Baada ya fomu huja swali ambalo huwashangaza wengi: ungependa maisha yako yawe vipi tukimaliza? Jibu la kwanza la mama wetu ni kwamba anataka mumewe arudi. Hilo halimo katika uwezo wa yeyote. Pole pole wanakubaliana kuhusu mambo matatu: kulala angalau saa tano, kurudi kuuza omena na kuweza kulitazama ziwa bila kuzimia.

Kisha mtaalamu anachora duara. Juu anaandika fikra, upande mmoja hisia, chini mwili, na upande wa pili mienendo. Anamwomba mama ataje wakati mmoja tu wa juma lililopita alipoumia sana. Mama anasema ni Jumanne jioni, aliposikia injini ya mashua kwa mbali. Fikra iliyompitia: 'Ningemzuia asiende, angekuwa hai.' Hisia: hatia na hofu. Mwili: moyo kwenda mbio, jasho, mikono kufa ganzi. Alichofanya: aliingia ndani, akafunga mlango na kujilaza hadi asubuhi.

Kufunga mlango kulimpa nafuu ya saa moja. Lakini akiwa amejilaza peke yake gizani alikuwa na usiku mzima wa kujilaumu, asubuhi akawa hana nguvu ya kwenda sokoni, na kukosa kwenda sokoni kukampa ushahidi mpya kwamba hafai kitu. Hapo duara limezunguka na kurudi lilipoanzia. Hakuna anayeweza kuamrisha hisia zake zikome, wala moyo wake upige taratibu. Ila anaweza kuigusa fikra, na anaweza kukigusa kitendo. Tiba nzima imesimama juu ya milango hiyo miwili.

Kwa mtu aliyezama katika huzuni, aghalabu mlango wa vitendo ndio hufunguliwa kwanza. Sababu ni kwamba mtu mchovu asiyelala hana nguvu ya kubishana na fikra zake. Kwa hiyo daftari la kwanza halina falsafa yoyote. Mama anaandika kila siku alichofanya asubuhi, mchana na jioni, na kando yake alama ya jinsi moyo ulivyokuwa. Asiyejua kuandika huchora, au mtoto wake humwandikia, au mtaalamu humpa njia nyingine kama kuhesabu kwa mawe.

Baada ya juma moja wanalisoma pamoja. Inaonekana kwamba alama za juu kidogo, ingawa ni chache, zote ni za nyakati alipokuwa na watu: alipomsuka binti yake, alipoenda kanisani Jumapili. Kazi ya juma la pili inatoka humo humo. Atamsuka binti yake na pia mtoto wa jirani, Jumatano saa kumi, hata kama moyo hautaki. Msomaji anaweza kucheka kwamba mtu husafiri maili nyingi kuja kuambiwa asuke nywele. Lakini kanuni iliyo nyuma yake imepimwa vilivyo: mtu mwenye huzuni husubiri hamu irudi ndipo atende, ilhali hamu kwa kawaida hurudi baada ya kutenda.

Kuanzia kikao cha tatu au cha nne ndipo fikra zenyewe huwekwa mezani. Hapa kuna dhana potovu inayostahili kuondolewa. Watu wengi hudhani mtu hufunzwa 'kufikiria mema', yaani kujiambia kila asubuhi kwamba mambo ni shwari. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri hafanyi hivyo, kwa maana mgonjwa si mjinga na atajua kwamba anadanganywa. Kinachofanyika kinafanana zaidi na kazi ya hakimu: fikra huletwa kizimbani na kuulizwa ushahidi wake.

Mazungumzo yanaweza kuwa hivi.

"Mama, usiku ule wakati anatoka, ulijua nini kuhusu upepo?"

"Sikujua chochote, daktari. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa." (Mtaalamu huyu si daktari, na alikwisha kumwambia hivyo. Lakini kwetu kila aliye na meza hospitalini ni daktari.)

"Kabla ya usiku huo alikuwa ametoka mara ngapi?"

"Siwezi kuhesabu. Alikuwa akivua tangu kabla hatujaoana."

"Na katika mara hizo zote, ni mara ngapi ulimzuia?"

Mama anakaa kimya kwa muda. "Hakuna. Ningemzuiaje? Ndiyo ilikuwa kazi yake. Ndiyo iliyosomesha watoto."

Mtaalamu hasemi 'basi huna hatia'. Watu wamekwisha kumwambia hivyo tangu siku ya mazishi na hakusikia. Anamwomba aandike mwenyewe sentensi ambayo ushahidi wote unaikubali, na mama anaandika: 'Nilimwacha aende kama nilivyomwacha usiku mwingine wote, kwa kuwa sikuwa na njia ya kujua.' Anaulizwa anaiamini ile fikra ya zamani kwa kiasi gani sasa. Mwanzoni alikuwa amesema 90 kwa 100. Sasa anasema 50. Hakuna muujiza katika tarakimu hiyo, na juma lijalo inaweza kupanda tena hadi 70. Lakini mtu anayeiamini hatia yake nusu nusu hulala vizuri kuliko anayeiamini yote.

Je, fikra ikiwa ni ya kweli? Hili ndilo swali ambalo wakosoaji huliuliza kuhusu tiba hii ikiletwa katika nchi zetu, na ni swali la haki. Mama wetu anafikiri kwamba chama kitauza vyombo vyake; chama kimesema hivyo kwa barua. Anafikiri kwamba ndugu za marehemu wanataka arithiwe, desturi ambayo Wajaluo huiita 'tero', na kwamba akikataa huenda akasumbuliwa kuhusu shamba. Hilo pia limesemwa, tena mbele yake. Kumwambia mwanamke kama huyo kwamba ana makosa ya kufikiri ni kumtusi.

Mtaalamu anayejua kazi yake huzitenga fikra za aina hiyo na kuzipeleka upande mwingine wa daftari. Huko hazipimwi ushahidi, kwa kuwa ushahidi upo. Hushughulikiwa kama matatizo: liandike tatizo kwa sentensi moja, taja kila njia unayoweza kuifikiria hata za kipuuzi, chagua moja, igawe katika hatua ndogo, ijaribu, kisha urudi useme ilivyokuwa. Kwa deni, hatua ya kwanza inaweza kuwa kumwendea mweka hazina wa chama kabla ya siku ya mkutano na kuomba alipe kidogo kidogo. Kwa shamba, inaweza kuwa ni kujua ofisi ya chifu au ya msaada wa kisheria inafunguliwa saa ngapi na ataandamana na nani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuchukua upande huu wa tiba na kuutengenezea mwongozo mfupi wa vikao vitano vya dakika 90 kila kimoja, uliotolewa 2016, ambao mtu asiye mtaalamu anaweza kufunzwa kuutumia. Ulijaribiwa Nairobi miongoni mwa wanawake 421 waliowahi kutendewa ukatili, huku wahudumu wa afya wa mitaani wakiwa ndio waendeshaji, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Turudi Dunga, kwa kuwa lile lengo la tatu bado. Mama anaogopa ziwa, na kila akilikwepa hofu inazidi kunenepa. Dawa ya hofu ni kuisogelea, lakini kwa ngazi. Pamoja na mtaalamu anaandika vidato kuanzia kile rahisi: kusimama barabarani mahali ambapo maji yanaonekana kwa mbali. Kisha kukaa chini ya mti ufuoni mchana, akiwa na dada yake. Kisha kununua omena mwenyewe kwenye mashua. Kisha kuzungumza na wale wawili walionusurika. Kidato cha juu kabisa ni kuwapo ufuoni jioni mashua zikitoka.

Kila kidato hurudiwa hadi hofu ishuke angalau nusu. Utaambiwa usiondoke inapopanda, kwa kuwa hofu ikiachwa bila kukimbiwa hufika kileleni na kuteremka yenyewe. Huu ndio wakati mgumu zaidi katika tiba nzima, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa mapema kwamba kwa siku kadhaa anaweza kujihisi vibaya kuliko alipoanza. Asipoelezwa ataamini kwamba ameharibiwa. Pia hakuna mtaalamu anayepaswa kukusukuma kidato ambacho hujakikubali.

Je, mambo haya yamethibitishwa kwa watu wetu, au yote ni ya Philadelphia? Ushahidi wa karibu upo, na si haba. Mjini Eldoret watafiti waliitafsiri tiba hii kwa Kiswahili na kuitumia kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliokuwa wakilemewa na pombe. Waliikutanisha jamii ya wanywaji katika vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, kwa vikao sita vya kila juma, na walioongoza hawakuwa wanasaikolojia bali watu wa kawaida waliofunzwa. Jaribio dogo la watu 75, lililochapishwa 2011, lilionyesha kwamba siku 90 baadaye asilimia 69 ya waliopata tiba walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya wengine. Jaribio kubwa la watu 614 lililofuata, na kuchapishwa 2021, nalo liliona kwamba waliopata tiba hiyo walipunguza unywaji zaidi kuliko waliofundishwa masuala ya afya tu.

Huko Bungoma, na Moshi nchini Tanzania, mayatima 640 walishirikishwa katika utafiti wa aina ya tiba hii iliyobuniwa kwa watoto wenye kiwewe. Tena waendeshaji hawakuwa wataalamu. Matokeo yaliyotolewa 2020 yanafundisha: mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao, lakini Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kwa kiasi kinachofanana. Tiba ile ile inaweza kuleta tofauti kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine.

Katika ufuo wa Muhuru, Kaunti ya Migori, familia 124 za makanisa manne zilipitia mafunzo yaliyochota baadhi ya mbinu hizi. Kulingana na matokeo ya 2016, wazazi na vijana walianza kuzungumza vizuri zaidi nyumbani, lakini afya ya akili ya vijana haikubadilika. Tunalitaja hili kwa sababu wauzaji wa matumaini hawalitaji.

Mkazi wa Kisumu ajue pia kwamba huenda akapewa tiba iliyo jirani ya hii, inayojulikana kama IPT. Hiyo haishughuliki sana na fikra wala madaftari; hutazama uhusiano wa mtu na wenzake: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, upweke. Ng'ambo ya ziwa, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vikundi vilivyoitumia kwa majuma 16 vilipata matokeo yaliyoishangaza dunia mwaka 2003. Kabla ya tiba asilimia 86 ya washiriki walikuwa na huzuni kuu ya kiwango cha ugonjwa. Baadaye walibaki asilimia 6.5, ilhali katika vijiji vilivyosubiri walibaki asilimia 54.7. Na mjini Kisumu kwenyewe ilitumiwa kwa wanawake 256 wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliokuwa wametendewa ukatili, kwa vikao 12. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalikuwa mema. Ukipewa hiyo badala ya CBT usidhani kwamba umepewa mtumba.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wa huku huogopa kulisema mbele ya mtaalamu, nalo ni 'chira', ule mkosi unaoaminiwa kumfuata aliyevunja mwiko. Mama wetu anasikia minong'ono kwamba mumewe alikufa kwa sababu ya jambo fulani ambalo halikutimizwa nyumbani. Asiogope kulisema. Si kazi ya mtaalamu kuhukumu kama chira ipo au haipo, sawa na ambavyo si kazi yake kuamua kuhusu maombi ya mchungaji. Atauliza imani hiyo inakufanya ufanye nini na inakugharimu nini. Mgonjwa anaweza kukamilisha matakwa ya ukoo wake na papo hapo kuendelea na daftari lake. Mtaalamu anayeanza kwa kuidharau imani ya mtu amempoteza mtu huyo.

Kuhusu siri, yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anadhulumiwa. Katika vijiji vya ufuoni ambako kila mtu ni shemeji ya mwenzake, una haki ya kuuliza kabla hujaanza: daftari la kliniki linawekwa wapi, na nani hulisoma? Ukigundua kwamba mshauri ni jamaa yako, omba mwingine.

Mipaka ya tiba hii nayo ijulikane. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyepandwa na wazimu wa kutolala kwa siku nyingi akitumia pesa ovyo, anahitaji daktari na dawa kwanza. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana na huzuni, hivyo uchunguzi wa kawaida usirukwe. Katika huzuni ya kiasi, tiba hii na dawa za msongo wa mawazo hukaribiana kwa nguvu. Katika huzuni kali, aghalabu vyote viwili pamoja hushinda kimoja peke yake. Faida iliyo wazi ya mazungumzo ni kwamba baada ya kukoma, ugonjwa hurudi kwa watu wachache kuliko wale walioacha vidonge. Na wapo ambao hawapati nafuu kabisa. Vikao sita vikipita bila alama kusogea, mtaalamu anapaswa kulizungumzia hilo waziwazi na kubadilisha njia.

Mwenye fikra za kujiua asisubiri zamu ya juma lijalo. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, au apige simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Zamani watu walinyamaza kwa kuhofia polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 9, 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Kuwapata wataalamu ndiko kugumu. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na uhaba wa wahudumu ulikuwa miongoni mwa sababu. Mjini Kisumu pa kuanzia ni hospitali za umma, ile ya kaunti au ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita 'Russia' kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ukienda kwa mtu binafsi, uliza kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, amefunzwa tiba gani hasa, na malipo ni kiasi gani kwa kikao. Cheti ukutani kisikutoshe. Uliza pia kama mtazungumza kwa Kijaluo, Kiswahili au Kiingereza, maana ni vigumu kuikamata fikra iliyokujia kwa lugha moja ukiwa unalazimishwa kuieleza kwa nyingine.

Kwa kawaida tiba huchukua vikao kati ya sita na ishirini, vya dakika 45 hadi 60, mara moja kwa juma. Nauli ya kutoka Asembo au Mbita kila juma si mzigo mdogo, na ni bora kusema hivyo mapema ili mpange vikao vya kila majuma mawili au vya simu, kuliko kutoweka kimya kimya. Ukikosa kufanya kazi ya nyumbani, nenda hivyo hivyo. Kilichokuzuia ndicho kitakachozungumzwa.

Vikao vya mwisho hutumiwa kuandika ukurasa mmoja: dalili zangu za kwanza mambo yakianza kuharibika, nilichojifunza kufanya, na nitakayemwendea. Mama wetu ameandika kwamba dalili yake ya kwanza ni kuacha kupokea simu za dada yake. Anauza omena tena, siku nne kwa juma. Kidato cha juu, kile cha jioni, alikifikia mara moja tu na hajataka kukirudia, na mtaalamu hakumlazimisha. Alama zake zimeshuka kutoka 19 hadi 8. Kikao cha ukumbusho kimewekwa mwezi wa Aprili, kwa kuwa ndipo marufuku ya kuvua omena huanza na kuendelea hadi mwisho wa Julai, na hataki miezi hiyo minne ya kukaa nyumbani imkute bila mpango.